Riwaya 41: Kijana Aanzie Wapi?

Mpwa wangu wa miaka 14 ataka kumsoma Terry Pratchett, yule Mwingereza aliyebuni dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na ndovu wanne juu ya kobe. Ni riwaya 41, za 1983 hadi 2015. Wengi huanzia ya kwanza. Mimi siafiki: ile yacheza shere hadithi za wengine, na asiyezijua hacheki, hukifunga kitabu asikirudie. Mort ya 1987 ni tamu, lakini humo Mauti achukua mwanagenzi, kisha yeye aenda kuwa mpishi! Hiyo, wasomaji wangu, tutaisoma naye pamoja barazani. Nimempa The Wee Free Men ya 2003: Tiffany, binti wa miaka 9, ashika kikaango kwenda kumkomboa nduguye mdogo, ambaye hata hampendi sana. Wamo vijitu vya buluu wenye lafudhi nzito ya Uskoti. Maneno yao nimemwambia ayasome kwa sauti.