Msuguano Hubadili Chuma kwa Ndani: Funzo la Reli ya Kigoma

Mtu asimamaye kando ya reli katika stesheni ya Kigoma huona mambo mawili katika chuma kimoja. Ubavuni reli ina kutu. Juu, mahali yapitapo magurudumu, inang'aa kama kioo. Wengi hudhani kwamba msuguano umekwangua kutu tu. Kumbe kazi kubwa zaidi imefanyika chini ya mng'ao huo, mahali ambapo jicho halifiki.

Punje za chuma

Reli hutengenezwa kwa feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Kipande chake kikisuguliwa kikawa laini, kikapakwa asidi hafifu na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kuwa ni punje nyingi zilizoshikamana. Ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa safu. Punje za feleji ya reli zina matabaka membamba yanayopishana: moja la chuma laini, jingine la mwungano mgumu wa chuma na kaboni. Muundo huo huitwa perlaiti.

Gurudumu lipitapo

Gurudumu hugusa reli mahali padogo tu, panapokaribia ukubwa wa sarafu, na mzigo wa tani kadhaa hukaa hapo. Tena haliviringiki tu. Huteleza kidogo, hasa linapovuta, linapofungwa breki au linapopita kwenye kona. Mtelezo huo huivuta ngozi ya chuma. Punje hulala na kurefuka kama nyasi zilizokanyagwa, safu za atomi huvurugika, kisha punje hugawanyika zikawa ndogo mno, nyingine zisizofikia sehemu moja ya 10,000 ya milimita.

Mvurugo huo huzizuia safu za atomi zisiteleze kwa urahisi. Kwa hiyo ngozi ya reli huwa ngumu kuliko moyo wake. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa waya wa shaba uliolainishwa kwa moto. Akiukunja na kuunyoosha mara kadhaa, waya huzidi kuwa mgumu, na hatimaye hukatika. Faida na hatari hukaa pamoja.

Joto na tabaka jeupe

Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770. Treni iendayo Kigoma, kituo cha mwisho cha Reli ya Kati tangu 1914, sharti ishuke zaidi ya mita 400, na katika kushuka breki ni za lazima. Gurudumu likikazwa mno na breki, huburuzwa juu ya reli badala ya kuviringika. Hapo joto la mahali pa mguso laweza kupita nyuzi 727 za Sentigredi kwa kitambo kidogo. Perlaiti huvunjika, na kaboni huenea ndani ya chuma.

Gurudumu likiisha kupita, chuma baridi kilicho chini hunyonya joto ghafla, mfano wa maji yapoozayo panga jekundu la mhunzi. Kaboni hunaswa kabla ya kujitenga, na muundo mpya huzaliwa: martensaiti, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Katika hadubini huonekana jeupe, kwa sababu asidi hailiathiri kwa urahisi tabaka hilo. Ni gumu sana, lakini huvunjika upesi. Nyufa huanzia hapo, na ufa ukiachwa waweza kukua hadi reli ikavunjika chini ya treni yenye abiria.

Kinga

Mafundi hupaka grisi ubavuni mwa reli kwenye kona, wala si juu, kwani bila msuguano treni haiwezi kuondoka wala kusimama. Hutafuta nyufa kwa mawimbi ya sauti isiyosikika, na husaga tabaka lililoharibika.

Bandarini, hatua chache kutoka stesheni, historia ya meli Liemba yatoa funzo lingine. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kule ziwani grisi ilizuia kutu. Katika mtambo uendao, mafuta hutenganisha chuma na chuma, na punje za ndani husalimika.