Miaka 250 Isiyopigiwa Fataki (Sehemu ya Nne)

Mwaka huu Marekani inasherehekea miaka 250 tangu tamko la uhuru la tarehe 4 Julai 1776, na habari zake zimetapakaa kila mahali. Sina ugomvi na sherehe za watu. Lakini msomaji tuliyeanza naye kwenye vilima vya Cahokia ashike kalamu, atoe 250 kutoka 1776. Atapata 1526, mwaka ambao tangu mfululizo huu uanze nimekuwa nikiutafutia kisingizio.

Tulimwacha Lucas Vázquez de Ayllón, hakimu tajiri wa Hispaniola, mkononi ana kibali cha mfalme cha mwaka 1523 cha kwenda kuanzisha makazi kaskazini. Aliyemtia tamaa ni kijana mmoja aliyetekwa pamoja na wenzake kwenye pwani ya Carolina mwaka 1521, akabatizwa na kuitwa Francisco de Chicora. Walimpeleka hadi Hispania, na huko akawamwagia hadithi: lulu tele, mfalme jitu, watu wenye mikia. Wakubwa wakazimeza, na mwanazuoni Pietro Martire akaziandika kitabuni. Kwangu mimi, katika kisa hiki chote hakuna aliyemzidi akili kijana huyu. Alikuwa akitafuta nauli ya kurudi kwao. Meli zilipotia nanga mwaka 1526, aliingia msituni na hakuonekana tena.

Msafara ulikuwa na watu wapatao 600: wanaume, wanawake, watoto, mapadri, na Waafrika waliokuwa watumwa. Meli kubwa ilizama karibu na ufuko ikiwa na shehena ya chakula. Wakahamia kusini, na mwishoni mwa Septemba wakajenga mji wakauita San Miguel de Gualdape. Msimu wa kupanda ulikuwa umepita. Baridi ikaingia, homa na njaa zikafuata, na tarehe 18 Oktoba Ayllón mwenyewe akafariki.

Miongoni mwa mapadri alikuwamo Antonio de Montesinos, yule yule ambaye mwaka 1511 aliwakaripia Wahispania kanisani kwa jinsi walivyowatesa Wataíno, wenyeji wa Hispaniola. Sasa yumo katika msafara mmoja na watumwa wa Kiafrika. Dhamiri nayo huwa na makengeza.

Ayllón alipokufa, Wahispania waligeukiana. Kikundi cha Ginés Doncel kiliwakamata viongozi na kuwafunga. Wengine wakaenda kujipachika katika kijiji cha wenyeji, wale na kulala bure, mpaka wenyeji walipochoka nao wakawaua. Ndipo usiku mmoja Waafrika wakaitia moto nyumba ya Doncel. Katika vurugu hiyo waasi wa Doncel wakazidiwa nguvu, na muda si mrefu mji ukahamwa. Waliorudi Hispaniola wakiwa hai ni kama 150. Waafrika waliishia wapi? Wanahistoria wengi wanadhani baadhi yao walibaki kwa wenyeji, na ikiwa ni hivyo, basi wageni wa kwanza kudumu katika ardhi hiyo hawakuwa Wazungu.

Hapa wanaonifahamu watasema nimeanza tena. Naam. Vitabu vingi vya historia ya Waafrika wa Marekani huanzia 1619, pale Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola waliposhushwa Point Comfort, Virginia, wakabadilishwa kwa chakula. Ni kweli tupu, lakini mwanafunzi anayeanzia hapo humkuta Mwafrika tayari amekuwa bidhaa. Angeanzia Gualdape angemkuta na kijinga cha moto mkononi, tena karibu karne nzima kabla. Walimu wa historia, mnanisikia?

Nafasi iliyobaki ni finyu, nami nilikusudia kuzungumzia amri aliyoitia saini Rais Donald Trump mwezi Machi 2025, inayotaka maonyesho ya makumbusho ya Smithsonian na maeneo ya kumbukumbu yapitiwe upya ili yaondolewe yanayodaiwa kuwadunisha Wamarekani. Niseme tu kwamba Gualdape haina cha kuondolewa. Magofu yake hayajapatikana hadi leo, ingawa wengi huyatafuta kandokando ya Sapelo, Georgia. Habari yake tumeipata kwa Oviedo, mwandishi wa Kihispania ambaye hakuwa na mapenzi yoyote na watumwa, na bado aliuandika moto ule.

Wiki ijayo tutamfuata Estebanico wa Azemmour, Mmoroko aliyeshushwa Florida mwaka 1528 akiwa mtumwa, akavuka bara kwa miguu hadi Mexico.