Popo Aliyenaswa Mwadui

Katika majira ya kungoja mvua, mibuyu ya Mwadui, mkoani Shinyanga, inapofungua maua yake meupe wakati wa magharibi na kuyaangusha kesho yake yakiwa yamesinyaa na kunuka, wageni wa usiku wanaoyaendea kunywa maji yake matamu ni popo walao matunda, nao kwa manyoya ya vifua vyao huchukua chavua mti kwa mti, hata ubuyu tuutiao katika uji ukawa aghalabu ni matunda ya kazi ya mnyama yule yule ambaye watoto wetu humpiga mawe. Nimelitanguliza jambo hili kusudi, kwani ni vigumu mtu kumhudumia majeruhi asiyemjua thamani yake.

Asubuhi moja nilimkuta popo amenaswa katika seng'enge ya ua wa shamba, bawa lake la kushoto limetobolewa na miba ya chuma, na kila alipojitikisa utando ule mwembamba, uliotandazwa juu ya mifupa ya vidole mfano wa kitambaa cha mwavuli juu ya vijiti vyake, ulizidi kupasuka. Kijana mmoja alinyoosha mkono ili amvute. Nikamzuia, maana kumvuta ni kumwua. Tulivaa glavu nene za ngozi, tukamfunika taulo kichwa na mwili hata akatulia gizani, kisha tukaukata waya kwa koleo pande zote mbili, tukamtia pamoja na kipande cha waya kilichomnasa katika boksi lenye matundu, tukampeleka kwa daktari wa mifugo.

Utando wa popo una ajabu moja: tundu lake, likitunzwa safi, huweza kuziba lenyewe kwa majuma kadhaa, ilhali mfupa uliovunjika ndio msiba mkubwa. Majeruhi apewe kwanza joto na utulivu, kisha maji tone kwa tone, na baadaye, akiwa ni mla matunda, papai au ndizi mbivu. Maziwa ya ng'ombe asipewe. Mama mwenye mtoto kifuani asitenganishwe naye, kwa kuwa popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Wala popo aliyepona asirushwe hewani kama njiwa, maana wengi wao huruka kwa kujiachia kutoka juu; apandishwe kwenye gome la mti jua likishatua, karibu na pale alipookotwa.

Hapa ndipo rehema inapohitaji hadhari. Popo huweza kuchukua ugonjwa wa jamii ya kichaa cha mbwa, na pango au shimo la mgodi lenye popo wala matunda waitwao popo wa Misri huweza kuwa na maradhi ya Marburg, ambayo mwaka 2007 yaliwapata wachimbaji wa Kitaka, Uganda, na ambayo yalitangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, kisha tena Januari 2025 huko Biharamulo, jirani kabisa na Geita. Kwa hiyo wachimbaji wa Geita wasiingie mashimo yaliyoachwa kwenda kuokoa popo, wala kuwafukuza kwa moshi. Aliyeng'atwa au kuparurwa, hata kama jeraha ni dogo kama ncha ya sindano, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, aende hospitali siku ile ile apate chanjo.

Kwamba juhudi hizi si bure, Pemba ni shahidi. Popo wa kisiwa hicho, wasiopatikana kwingine duniani, waliwindwa kwa ajili ya kitoweo hata mwisho wa miaka ya 1980 wakawa wamebaki wachache sana. Wanakijiji wa Kidike na wenzao walipoamua kuwalinda na miti yao, miaka ya 2000 popo hao walihesabiwa zaidi ya 20,000. Shinyanga nayo, iliyofyekwa miti yake na kisha kuanza kuirudisha kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa, tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) wa mwaka 1986, haiwezi kusema kwamba haijui namna ya kurejesha kilichopotea.

Basi, msomaji wangu wa Mwadui na Kishapu, ukimkuta popo chini ya mbuyu usimpige wala usimguse kwa mkono mtupu: mfunike kwa boksi, waondoe watoto na mbwa, kisha mwite afisa wanyamapori au daktari wa mifugo.