Mali bila Daftari: Jinsi Marekani Inavyotunza Silaha Zake za Nyuklia

Utangulizi

Tunaposikia kwamba taifa fulani linamiliki silaha za nyuklia, aghalabu tunajenga taswira ya ghala lililofungwa kwa kufuli, silaha zikiwa zimelala humo zikisubiri siku yake. Taswira hii ina kasoro. Silaha ya nyuklia, kama kitu kingine chochote kilichoundwa kwa mkono wa binadamu, huzeeka. Plutoniamu iliyomo hubadilika polepole, vilipuzi vinavyoizunguka huchakaa, plastiki hukauka na vyuma hushika kutu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Marekani inavyozitunza silaha zake. Mwaka 1967 nchi hiyo ilikuwa na silaha 31,255, na kufikia Septemba 2023 akiba yake ilikuwa imepungua hadi 3,748. Tutaonyesha kwamba linalotisha zaidi kupotea katika kazi hiyo si chuma wala madini, bali maarifa.

Mgawanyo wa kazi

Dhamana ya kuzitunza silaha hizi haiko mikononi mwa jeshi, bali mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Nyuklia, asasi iliyo chini ya Wizara ya Nishati na iliyoanza kazi mwaka 2000. Jeshi hukabidhiwa silaha, ila wanaozisanifu, kuziunda na kuzikagua ni raia.

Kazi yenyewe imegawanywa katika vituo vilivyotawanyika nchini kote. Maabara ya Los Alamos, iliyoanzishwa New Mexico mwaka 1943, na ile ya Lawrence Livermore, iliyoanzishwa California mwaka 1952, ndizo zinazosanifu sehemu za nyuklia. Maabara ya Sandia husanifu sehemu zisizo za nyuklia, nazo nyingi huundwa katika kiwanda cha Kansas City. Kiwanda cha Y-12 mjini Oak Ridge, Tennessee, hushughulikia uraniamu.

Kituo cha Savannah River, South Carolina, kina jukumu la tritiamu, aina ya haidrojeni inayoongeza nguvu ya mlipuko. Gesi hii haidumu. Kila baada ya miaka 12 hivi, nusu yake huwa imetoweka. Kwa hivyo mitungi midogo inayoihifadhi haina budi kutolewa na kujazwa upya, mithili ya taa ya mafuta isiyoweza kuachwa ijiwakie yenyewe.

Viungo hivi vyote hukutana katika kiwanda cha Pantex, karibu na mji wa Amarillo, Texas. Kilijengwa mwaka 1942 ili kutengeneza mabomu ya kawaida, na mwaka 1951 kikapewa kazi ya nyuklia. Silaha kadhaa huteuliwa na kurejeshwa huko zifunguliwe na kukaguliwa sehemu moja moja. Baadhi ya shughuli hizo hufanyiwa katika vyumba vya mviringo ambavyo mapaa yake yamerundikiwa changarawe. Vilipuzi vikilipuka kwa ajali, paa litainuka, kisha changarawe imwagike na kulinasa vumbi la plutoniamu kabla halijawafikia majirani. Jengo lenyewe, basi, linakiri hatari ya kazi inayofanyiwa ndani yake.

Kupima bila kulipua

Hapo zamani, wataalamu walipokuwa na shaka kuhusu silaha, walilipua moja wakaona. Kati ya Julai 1945 na Septemba 1992 Marekani ilifanya majaribio 1,054 ya namna hiyo. La mwisho kati ya hayo lilifanyika chini ya ardhi ya jangwa la Nevada tarehe 23 Septemba 1992. Siku chache baadaye, Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria iliyosimamisha majaribio. Badala yake, wataalamu waligeukia tarakilishi zenye uwezo mkubwa, majaribio madogo yasiyoweza kuleta mlipuko wa nyuklia, na miale 192 ya leza iliyoko Livermore.

Kisa cha Fogbank

Je, ukaguzi ukionyesha kwamba sehemu fulani imechakaa, nao waliojua kuiunda wameshastaafu? Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa dutu iliyopewa jina la siri la Fogbank. Dutu hii iliundwa katika kiwanda cha Y-12 kati ya mwaka 1975 na 1989, kisha uzalishaji ukakoma. Serikali ilipoamua kurefusha maisha ya W76, silaha inayobebwa na makombora ya nyambizi, Fogbank ilihitajika tena. Kumbukumbu zilizosalia zilikuwa chache, na karibu mafundi wote walikuwa wameondoka.

Kituo kipya kilijengwa, lakini dutu iliyotoka humo haikuwa sawa na ile ya awali. Baada ya uchunguzi mrefu iligunduliwa kwamba malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu huo ndio uliowezesha kazi kufaulu. Mitambo ya kisasa ilikuwa ikiuondoa. Hata mafundi wa kwanza hawakujua umuhimu wake, kwa hivyo hawakuuandika. Mwezi wa Machi 2009, wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza katika ripoti yao jinsi tatizo hili lilivyoichelewesha kazi. Urefushaji wa maisha ya W76 ulikamilika mwishoni mwa mwaka 2018. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani. Uraniamu iliyotenganishwa katika kiwanda hichohicho cha Y-12 ndiyo iliyotumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani katika miaka hiyo ya vita ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, eneo ambalo Kiswahili kimekuwa lugha ya migodini na mijini.

Taifa lenye utajiri mkubwa lilitumia miaka mingi kutafuta maarifa yaliyopotea kwa muda wa kizazi kimoja tu, ili bomu lisiharibike. Leo kila sehemu ya bomu hilo ina daftari lake. Wale walioyachimba madini ya kwanza, na watoto wao waliosimuliwa habari za mgodi huo, wanastahili daftari pia. Sisi tunaoisoma na kuifundisha lugha hii ndio tulio na kalamu ya kuliandika.