Filamu ya Maruge Ina Deni Eldoret

Mzee anachukua makasi, anaikata suruali yake ndefu usawa wa magoti, anashona pindo. Ameambiwa bila sare haingii darasani. Asubuhi yuko tena langoni, kaptura mwilini, mkongojo mkononi.

Filamu ni The First Grader ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick. Mzee ni Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, hapa Eldoret, Januari 2004 akiwa na miaka 84. Serikali ya Mwai Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla. Wengine walisikia tangazo wakawafikiria watoto wao. Maruge alijifikiria mwenyewe.

Wakati mmoja Oliver Litondo, anayemwigiza Maruge, anachonga penseli. Ile ncha kali inamrudisha kizuizini, enzi za Mau Mau, alikoteswa na wakoloni. Hapo ndipo unapoelewa kwamba kutojua kwake kusoma hakukuwa uvivu: alinyimwa. Hakuna waraka wa wizara unaoweza kukufikishia jambo hilo moyoni namna ile.

Wahindi wa jimbo la Karnataka wanaijua nguvu hiyo ya filamu. Samskara ya 1970, iliyowahoji Wabrahmini kuhusu tabaka lao, ilizuiwa kwanza na wakaguzi, kisha ikatuzwa kuwa filamu bora ya taifa. Bangaarada Manushya ya 1972 inasifiwa hadi leo kwa kuwavuta vijana wasomi warudi shambani. Zote mbili zilisema Kikannada, lugha ya waliojaza kumbi. Ya Maruge inazungumza Kiingereza kwa sehemu kubwa, na sijui ni watoto wangapi wa mitaa ya Langas au Huruma waliowahi kuitazama.

Tena kuna kipande kizito ambacho haikukionyesha. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto watu wakiwa ndani. Katika ghasia hizo za baada ya uchaguzi Maruge naye alipoteza makao, akaishi kwenye hema la wakimbizi wa ndani, na bado akawa anatoka kambini kwenda shuleni. Baadaye alihamia Nairobi, akafariki Agosti 2009.

Mwongozaji Judy Kibinge alithubutu kuligusa jeraha hilo katika Something Necessary ya 2013: muuguzi ambaye mumewe aliuawa anajaribu kulifufua shamba lake, huku kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji akitafuta njia ya kulipa alichoharibu. Haimtangazi mshindi. Ndiyo maana inatufaa.

Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu izilete filamu hizi mbili, ya Maruge na ya Kibinge, mitaani, zikiwa na sauti ya Kiswahili, na wazee na vijana waachiwe muda wa kuzungumza zikiisha. Maonyesho yaanzie Kapkenduiyo.