Tolpuddle: Kijiji kidogo, mti mmoja na shilingi saba

Umewahi kukatwa mshahara ukanyamaza kwa kuogopa kufutwa? Basi kaa hapa nikupeleke Tolpuddle.

Ni kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Kinapitiwa na mto Piddle, ambao ndio uliovipa majina vijiji vya jirani pia: Puddletown, Affpuddle, Briantspuddle.

Miaka ya 1830, vibarua wa mashamba ya huko walikuwa wakipata shilingi tisa kwa wiki. Matajiri wakakata hadi nane, kisha saba, na sita ikawa inanukia. Hebu piga hesabu, na watoto wako nyumbani wanangoja mkate.

Jamaa wakaunda chama na kula kiapo cha siri. Vyama vilikuwa halali, kwa hivyo wakubwa wakachimbua sheria ya 1797 ya viapo, iliyotungwa baada ya maasi ya wanamaji. Machi 1834, George Loveless na wenzake watano wakafungwa miaka saba, wakasafirishwa hadi Australia.

Lakini raia walikataa. Maelfu waliandamana London, na mwaka 1836 sita hao wakasamehewa. Walirudi, ila watano baadaye walihamia Kanada. James Hammett pekee ndiye aliyezikwa Tolpuddle.

Mti ambao inasemekana walikutania chini yake bado umesimama, na kila Julai wafanyakazi hufurika kijijini kuwakumbuka.

Kwa hivyo msee, usidharau kikao cha chini ya mti.