Ubainishaji wa Maulizo Yanayochelewa katika Kanzidata ya PostgreSQL
Ukurasa wa wavuti unapochelewa kufunguka, lawama ya kwanza huelekezwa kwa mtandao au kwa udogo wa seva, na fedha huweza kutumika kununua seva kubwa zaidi kabla chanzo hakijajulikana. Uchunguzi hauna budi kuanza na kipimo. Katika PostgreSQL, kigezo cha log_min_duration_statement huiamuru kanzidata kuandika katika kumbukumbu zake kila ulizo linalofikia au kuzidi muda uliowekwa, kwa mfano milisekunde 500.

Hata hivyo, kumbukumbu hizo peke yake hupotosha. Ulizo la milisekunde 20 halitaonekana humo, lakini likiitwa mara 300 mfululizo katika ukurasa mmoja, mtumiaji husubiri sekunde 6. Hali hii hutokea pale programu inaposoma orodha ya wanafunzi kwa ulizo moja, kisha ikauliza upya alama za kila mwanafunzi peke yake. Kiendelezi cha pg_stat_statements hufichua kasoro hiyo, kwa kuwa hujumlisha idadi ya miito na muda wote uliotumiwa na kila aina ya ulizo. Tiba yake haimo katika kanzidata bali katika msimbo wa programu: alama zote ziletwe kwa pamoja.

Ulizo likithibitika kuwa zito lenyewe, amri ya EXPLAIN ANALYZE huonyesha mpango wa utekelezaji wake pamoja na muda wa kila hatua. Ikumbukwe kwamba amri hii hulitekeleza ulizo kwa kweli. Ikiwekwa mbele ya DELETE, rekodi hufutwa, isipokuwa kazi ifanyike ndani ya muamala utakaobatilishwa kwa ROLLBACK. Onyo hili si dogo.

Katika mpango huo, jambo la kutazamwa mapema ni tofauti baina ya idadi ya rekodi iliyokadiriwa na ile iliyopatikana. Makadirio ya 10 dhidi ya rekodi halisi 400,000 mara nyingi huashiria takwimu zilizopitwa na wakati, ambazo huhuishwa kwa amri ya ANALYZE. Kusoma jedwali zima si kosa siku zote. Kwa jedwali dogo ndiyo njia nafuu. Ni kosa pale rekodi milioni moja zinaposomwa ili zipatikane tatu. Hata hapo, faharasa huenda ipo lakini haitumiki: sharti la lower(barua_pepe) halinufaiki na faharasa ya kawaida ya barua_pepe, bali huhitaji iliyojengwa juu ya usemi huohuo.

Upimaji wote ufanywe kwenye data yenye ukubwa unaokaribia ule halisi, kwani mpango unaochaguliwa kwa rekodi 100 za majaribio huweza kuwa mwingine kabisa.